Shule za Katikati na Wale Waliotembea Polepole

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, kikwembe kizuri na hotuba ndefu. Kikwembe nakivaa. Saa imeshasimama. Hotuba ndiyo inayonikera, maana kijana aliyeisoma alisema mtandao wetu wa shule umekua kutokana na maono ya waanzilishi. Waanzilishi niliwafahamu vizuri. Walikuwa wawili, mimi nikiwa mmoja, na maono yangu ya siku zile yalikuwa kupata buti zisizovuja. Basi nimeamua kuandika mambo jinsi yalivyokuwa, kabla uongo ule haujapigwa muhuri. Kuhusu vyeo sitasema kitu, na kuhusu mshahara hakuna cha kusema.

Nilianza kazi Burungu, karibu na Kitchanga, nikiwa na diploma mpya na viatu vya kisigino. Viatu vilikufa asubuhi ileile. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbao, juu kumetandikwa shitingi, ile turubai wanayopewa wakimbizi, na chini udongo mtupu. Aliyenipokea alikuwa Papa Anselme, mtu mrefu aliyevaa koti la suti juu ya buti za mvua. Alikuwa katekista miaka mingi, mpaka akachoka kuwasomea watu wazima barua za watoto wao, na kuwasomea watoto sala za mababu zao, ndipo akaamua kufungua shule ili kila mtu ajisomee na yeye apumzike. Hakupumzika tena mpaka alipokufa. Nilimkuta anapaka tablo, ubao wetu wa kuandikia, kwa unga mweusi wa betri za tochi zilizokufa, mikono imekuwa myeusi hadi viwiko, na hakuniomba kuona diploma.

"Karibu, dada. Unajua kuimba?"

"Najua, Papa."

"Unajua kufukuza ngombe?"

"Hapana, Papa."

"Haina matata. Mbele ya saa ine utakuwa umejua."

Kweli, kabla ya saa nne kichwa cha ng'ombe kilikuwa kimeingia dirishani, kikalamba tablo kuanzia silabi ya kwanza mpaka ya mwisho. Watoto walifurahi kuliko walivyowahi kufurahia somo langu lolote baadaye. Papa Anselme akasema huyo ndiye inspekta wetu wa kwanza na kwamba wengine watakaokuja watakuwa wagumu zaidi. Alinionyesha jinsi ya kumsukuma mnyama kwa kiganja puani, taratibu, bila kumpiga, kwa sababu mwenye ng'ombe ni mzazi wa mtoto na mtoto anaangalia. Diploma yangu haikuwa na somo hilo.

Mengi niliyoyajua kazini niliyapata kwake, na mengi yalikuwa ya namna hiyo. Mtoto wa wafugaji akichelewa, usimwulize saa. Mwulize kama maziwa yametoka vizuri, halafu mpe nafasi akae. Mtoto wa wakulima asipoonekana wakati wa kupanda, usitume mtu kumwita. Nenda mwenyewe shambani, shika jembe kidogo, na kesho yake atakuja kwa aibu. Tablo hubebwa mgongoni na uso wake ukigusa koti, ili mvua inyeshee mbao na siyo rangi. Mimi nilikuwa nabisha kila jambo, kisha nafanya alivyosema, kisha nawaambia walimu wapya kwamba nililigundua mwenyewe.

Kosa lake kubwa Burungu lilikuwa mahali. Alijenga kwenye kilima cha wakulima, kwa sababu ndiko kwao, na watoto wa wafugaji wakakaa karibu na mlango mwaka mzima kana kwamba wamepita tu kusalimia. Aliliona hilo, likamkosesha raha. Kwa hiyo watu wa Bihambwe walipokuja kuomba nao shule yetu, alikuwa amejiandaa. Walikuja wajumbe kutoka vilima viwili vinavyotazamana, kimoja cha watu wa maharagi na viazi, kingine cha watu wa ng'ombe na fromaji, jibini yetu. Kila mjumbe alikuja siku yake, na kila mmoja alieleza kwa upole mkubwa kwa nini shule haiwezi kabisa kujengwa kwa mwenzake.

Papa Anselme aliwaita wote pamoja akawapa kanuni yake.

"Kengele ya misa ikilia, muntu moja atatoka kwa bale, muntu moja atatoka kwa bale bengine. Pahali banakutana, njo tunapanda kijiti ya masomo. Hiyo iko desturi ya bababu zetu."

Nilichunguza baadaye. Babu zake hawakuwahi kusikia desturi hiyo. Lakini kila mtu aliitikia kwa kichwa kwa heshima, wazee kuliko wote, maana hakuna aliyetaka kuonekana kwamba ndiye asiyejua mila.

Ninyi mliosoma hesabu mmeshaona kasoro. Sisi tuliosoma hesabu siku ile hatukuiona. Ukitaka shule iwe karibu na kwako, usimtume mtu mwenye mbio. Mtume mtu asiyefika. Watu wa Bihambwe walilijua hilo kabla Papa Anselme hajafunga mdomo. Wakulima walimtuma Papa Gervais, mzee mwenye goti bovu ambalo siku za soko halikumsumbua hata kidogo. Wafugaji walimtuma Mama Bernadeta.

Huyu Mama Bernadeta mumjue vizuri. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye ng'ombe wachache na miguu mizima kabisa. Silaha yake ilikuwa adabu. Alitoka kengele ilipolia, hakuna aliyeweza kumlaumu, lakini kila nyumba aliingia kusalimia. Alimwuliza kila mama hali ya watoto, mmoja mmoja, kwa majina. Aliuliza hali ya ng'ombe, nao kwa majina. Akipewa maziwa anakaa chini, kwa sababu kunywa maziwa ya mtu ukiwa umesimama ni kumdharau. Utamwambiaje mama mtu mzima aache kusalimia watu?

Sisi tulikuwa bondeni na majembe, na umati wa vilima vyote viwili, tukisubiri. Watu walipika maharagi wakala. Papa Anselme alisali rozari, kisha akasema maneno ambayo hayamo katika rozari. Jua lilikuwa linaelekea kuchoka ndipo wale wawili walipokutana, mmoja akichechemea na mwingine akisalimia vyura, katikati ya kinamasi ambacho hata bata hawakukipenda. Vilima vyote viwili vikapiga makofi, kila upande ukishangilia kwamba wenzao wamekosa.

"Papa, hapa hapawezi kujengwa," nilisema.

"Desturi ni desturi, Mama Sifa," alinijibu, na nilijua kwamba anaumia.

Tukajenga. Mwaka wa kwanza vyura walijibu maswali kabla ya wanafunzi. Papa Anselme akaweka sheria kwamba kila mtoto aje na jiwe moja asubuhi, na wazazi wakafanya salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kila juma, wakulima na wafugaji matopeni pamoja kwa sababu hakuna aliyekuwa na mahali pakavu pa kusimama peke yake. Sakafu ilipoinuka juu ya maji walikuwa wameshatukanana vya kutosha kiasi cha kujuana vizuri. Hapakuwa na mtoto wa karibu na mlango. Mahali palikuwa pabaya kwa wote sawasawa, na hilo ndilo jambo la haki kuliko yote niliyopata kuliona katika elimu.

Hivyo ndivyo mtandao ulivyokua. Habari ya Bihambwe ilizunguka masokoni, na vilima vingine vikaanza kutuita. Wengi hawakuita kwa kupenda shule. Waliita kwa sababu walikuwa na bibi au babu fulani mwenye mwendo wa ajabu na walitaka kumwonyesha jirani. Tulipata wazee waliolala njiani. Tulipata mmoja aliyesimama kuungama dhambi zake zote kwa padri aliyekutana naye, na padri akatuapia kwamba zilikuwa nyingi kweli. Watu walituita Shule za Katikati, nasi tukalichukua jina hilo. Wageni wa mjini waliokuja na jile, vile vizibao vya mashirika, na kalamu walimwuliza Papa Anselme anatumia vigezo gani kuchagua eneo. Alijibu kwa Kifaransa, bila kucheka: "Approche participative", yaani kuwashirikisha wananchi. Waliandika wote. Mimi nilitoka kwanza nje nikacheke.

Mnajua pia kwamba katika nchi yetu shule haikai mahali pamoja kama mlima. Watu wakikimbia, shule nayo hukimbia. Tulijifunza kuweka alama za makaa kwenye kila ubao, kuing'oa nyumba nzima, kuipakia kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, na kuisimamisha tena watu walipotulia. Mara moja tulikosea alama, mlango ukawa juu ambapo dirisha lilipaswa kuwa, na muhula mzima walimu waliingia kwa ngazi. Nacheka sasa. Siku ile nilikaa juu ya rundo la mbao nikalia kwa hasira, na Papa Anselme aliniletea muhindi wa kuchoma akaniacha nilie mpaka niliposhiba.

Alikufa kitandani kwake, mchana, watoto wake wamemzunguka, jambo lililoshangaza kila mtu aliyejua njia alizopita. Nilimlilia kuliko nilivyomlilia baba yangu, na baba yangu alikuwa mtu mwema. Buti zake zilinizidi, lakini kazi yake nilipewa mimi. Tuendelee.

Ninayotaka hasa kuwasimulia ni ya Kalembe. Kalembe mnaijua, pale Masisi inapokutana na Walikale. Walituita kama wengine, wakulima upande mmoja, wafugaji upande wa pili, nami nikaisoma ile kanuni kwa sauti ya Papa Anselme. Siku ya kijiti nilipoangalia kilima cha wafugaji nilitaka kurudi nyumbani. Aliyekuwa anashuka, akiingia nyumba ya kwanza kusalimia, alikuwa Mama Bernadeta. Vita vilikuwa vimemtoa Bihambwe, akaja kukaa kwa binti yake, na sifa zake zilimtangulia. Wafugaji wa Kalembe walimpokea kama timu inavyompokea mchezaji mpya. Kijiti kiliangukia juu ya mpaka wenyewe, kiasi kwamba darasa la tano likawa Masisi na la sita Walikale, na mwalimu wa sita alikuwa anaomba ruhusa ya safari kila alipohitaji chaki ya mwenzake.

Pale aliishi Mama Riziki, mkulima wa maharagi, mjane mwembamba mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Hakumpenda Mama Bernadeta. Shamba lake lilipakana na malisho, na ng'ombe wa Mama Bernadeta hawakuheshimu mipaka ya aina yoyote. Siku moja baada ya misa, mbele ya waumini wote, alimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu anayenipigia chapa ni mjukuu wangu. Mtoto wake pekee, Riziki, alikuwa darasa letu la sita, la kwanza kabisa kufika sita Kalembe. Alikuwa msichana mkimya aliyefanya hesabu akiangalia dirishani, akizipata zote, na aliniudhi kwa hilo.

Mwaka huo ulipokaribia mtihani wa taifa, ule wa kumaliza shule ya msingi, mambo yaliharibika njiani. Vituo vya mtihani katika eneo letu vilikuwa viwili. Kimoja kilifungwa kwa sababu watu wake wote walikuwa wamekimbia. Kilichobaki kilikuwa ng'ambo ya malisho, na kwenye njia yake vijana wenye silaha walikuwa wameweka barieri, yaani kizuizi. Walijiona walinzi wa watu wa ng'ombe. Mtoto wa wafugaji alipita. Mtoto wa wakulima alirudishwa akiwa na bahati. Asipokuwa na bahati, hakurudishwa. Inspekta, mtu mpole aliyekuja kwa moto, yaani pikipiki, amelowa mpaka soksi, alisema wazi kwamba hana kituo kingine cha kutupa, na asiyefanya mtihani atarudia mwaka.

Tulikaa kikao darasani. Wakulima walisema watoto wao hawaendi kufa kwa ajili ya karatasi. Walikuwa na haki. Walisema pia kwamba nusu ya darasa ikienda na nusu ikibaki, basi shule ya katikati imekwisha, na wao watakuja kuchukua mbao zao wakajenge yao kilimani. Hapo pia walikuwa na haki, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa risasi. Nilitoa mashauri. Nilisema tuwavalishe jile za wageni. Nilisema padri atangulie na msalaba. Nilisema mimi mwenyewe nitakwenda kuongea na vijana wale. Kila nilichosema kilisikilizwa kwa subira, namna wanavyomsikiliza mgonjwa mwenye homa.

Mama Bernadeta alikuwa amekaa nyuma, kwenye dawati la mtoto, dawati limembana. Akainuka nalo kidogo kabla halijamwachia.

"Batoto bote bakuye kwangu," alisema. "Balale kwangu juma moja. Banywe maziwa, balishe ngombe, bazoee. Siku ya mutihani nitabapitisha miye mwenyewe. Nitasema ni bangu."

"Bote?" mtu aliuliza.

"Bote. Miye niko munene, nani atakatala?"

Watu wengine walicheka. Mama Riziki hakucheka. Alisimama, na darasa zima likajua kwamba neno lake ndilo litakaloamua, maana mwenye ulimi mkali kuliko wote akikubali, wengine hawana sababu.

"Mama Bernadeta. Miye nilikutukana mbele ya kanisa."

"Ulinitukana. Na ulinitukana muzuri. Mupaka leo binti yangu anarudiliaka ile maneno wakati anagombana na bwana yake."

"Sikukuomba musamaha."

"Sikukuuliza musamaha. Nakuuliza mutoto."

Mama Riziki alikaza kikwembe chake kiunoni. Kisha akasema, "Riziki hapendi maziwa ya moto," akaketi. Kikao kikaisha hivyo.

Juma lile sikulala vizuri. Nilikwenda kuwaona kwa Mama Bernadeta nikakuta watoto wa maharagi wamepakwa kinyesi cha ng'ombe hadi magotini, wanajifunza kukamua, na watoto wa wafugaji wanawacheka kwa furaha isiyo ya Kikristo. Mmoja alikuwa amepigwa teke. Nilipoondoka niliwaza kwamba tukifaulu hili nitastaafu, na tusipofaulu nitastaafu pia.

Tuliondoka siku moja kabla ya mtihani, mimi nikiwa mwalimu wao, Mama Bernadeta mbele na bidoni, lile dumu la maziwa, kichwani, watoto nyuma wamechanganyika. Niwaambie jambo moja: mwanamke yule alitembea. Hakusalimia nyumba hata moja. Mimi nilikuwa nahema nyuma nikimwomba apunguze mwendo, naye hakugeuka. Hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa.

Barieri ilikuwa mti umelazwa juu ya mawe, na vijana kadhaa wamekaa. Aliyeinuka alikuwa mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Bunduki ilikuwa kubwa.

"Hawa ni batoto ba nani?"

"Ni bangu," alisema Mama Bernadeta.

"Bote ulibazala weye?"

"Bote."

"Lakini, Mama, bote bako na miaka sawasawa."

"Njo ile iliniharibu mugongo. Unataka kuonja maziwa ao unataka kunihurumia?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alipita kwenye mstari akiwatazama watoto nyuso, akajaribu kumsemesha mmoja kwa lugha ya wafugaji. Nikaingilia haraka, nikasema kwa ile sauti inayowanyamazisha wanafunzi kwamba shuleni kwetu lugha ni Kiswahili na Kifaransa tu na kwamba nimewakataza nyingine mpaka mtihani uishe. Alinitazama kama aliyewahi kuwa na mwalimu wa namna yangu. Kisha akasimama mbele ya Riziki, ambaye alikuwa anaangalia pembeni kama kawaida yake.

"Weye. Mama yako njo nani?"

"Njo huyu," alisema Riziki, akamwonyesha Mama Bernadeta. Alisema bila haraka.

"Kwenu muna ngombe?"

"Tuna."

"Ile mukubwa inaitwaka nani?"

Tulikuwa tumewafundisha kukamua, kubeba bidoni, kutembea nyuma ya mifugo. Majina hatukuwaza. Mtoto wa wafugaji anayajua majina ya ng'ombe wa kwao kabla hajajua majina ya shangazi zake, na kijana yule alilijua hilo.

"Bihogo," alisema Riziki.

"Iko namuna gani?"

"Iko nyekundu. Pembe moja ilivunjika. Inarukaka lupango ya shamba, inapendaka maharagi ya batu, na iko mwizi. Mwizi wa kweli. Haiogopi fimbo, haiogopi Mungu."

Alisema kwa uchungu wa kweli, machozi yamemlengalenga. Kijana akaangua kicheko. Alisema kwao pia kulikuwa na mmoja wa hivyo, akauliza kama Bihogo bado yuko hai, akachukua kikombe chake cha maziwa na kuuondoa ule mti. Hakuna aliyemfundisha Riziki jina lile. Tangu aanze shule alimsikia mama yake akimlaani ng'ombe huyo wa Mama Bernadeta kila msimu wa maharagi, kwa jina, kwa rangi na kwa pembe, na nyumbani kwao Bihogo alitajwa mara nyingi kuliko mtakatifu yeyote.

Walifanya mtihani. Niseme matokeo sasa ili niyamalize: Riziki alifaulu, wengi walifaulu, wachache walianguka, na mmoja wa walioanguka alikuwa mtoto wa kaka yangu, ambaye sikumtegemea sana. Shule ya Kalembe haikung'olewa. Waliokuja baadaye na kalamu waliniuliza siri ya kudumu kwake, nikawaambia "approche participative", kwa heshima ya marehemu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Tuliporudi, siku mtihani ulipokwisha, vijana wa barieri walitupungia mkono tu. Mama Bernadeta alianza tena kusalimia nyumba zote alizoziruka, kwa hiyo mimi na watoto tulimtangulia. Wazazi walikuwa wanasubiri pale shuleni. Mama Riziki alikuwa amesimama kando, na kabla mtoto wake hajafika alinijia mimi.

"Balimuuliza?"

"Balimuuliza."

"Balimuuliza mama yake njo nani?"

"Njo vile."

"Alisema nani?"

Sikutaka kumjibu. Nilimjibu. "Alisema Mama Bernadeta."

Aliitikia kwa kichwa. "Nilimufundisha," alisema. "Mbele aende kule, nilimukalisha kwa jiko, nikamuambia arudilie. Mama yangu njo huyu, mama yangu njo huyu. Mara ya kwanza alilia, nikamupiga. Nilimuambia arudilie mupaka sauti isitetemeke." Akanishika mkono. "Ilitetemeka?"

"Hapana, Mama Riziki. Haikutetemeka hata kidogo."

"Basi iko muzuri," alisema, akaketi chini palepale kwenye majani. Nililia mbele ya wanafunzi wangu na sikujificha. Riziki alikuwa amefika. Alimwona mama yake ameketi, akatupa begi lake, akaja mbio akiita, "Mama! Mama! Mama!", na hata alipokuwa ameshamkumbatia, mdomo wake uko sikioni mwa mama yake, aliendelea kuita.